Pipa la Alhamisi

Lori la maji hupanda kwetu Alhamisi.
Ikifika Jumanne kila nyumba ya mteremko huu
huchota kwa kopo, na kopo lina hesabu.
Nilikuwa na nusu pipa na vyombo vichafu
Edilson aliporudi kutoka korongo kavu
ameshika shavu la mguu.
Hakulia. Aliniuliza kama nitamchapa.

Ni Ministro aliyemuuma, mbwa wa Don Anacleto,
aliyepewa jina la Waziri
kwa sababu, mwenyewe husema, anakula asifanye kazi.
Wote tulimjua. Wiki ile ya baridi kali
alilala mlangoni kwetu, mkia juu ya pua.
"Hakubweka, mama. Alinitazama kama hanijui."

Mama mkwe akataka nywele za mbwa,
azichome, apake jivu.
Jirani akaja na kitunguu saumu.
Mimi nilimkumbuka mwanamke wa redioni,
sauti yake ya mafua, akirudiarudia:
sabuni, maji yanayotiririka, dakika kumi na tano.
Yanayotiririka!
Huyo nyumbani kwake ana bomba.

Nikaliinamisha pipa.
Dakika kumi na tano za maji, huku juu,
ni supu, ni nguo za wiki,
ni uso wa mtoto kabla ya shule.
Yalipita juu ya matundu manne ya meno
yakashuka vumbini,
na vumbi la Arequipa hunywa bila kushukuru.
Mama mkwe alishika mdomo.
Mimi nilishika saa.

Zahanati iko chini, mabasi mawili.
Nesi Maruja aliandika kwenye kadi: Siku ya Sifuri.
Nilidhani deni tu ndilo huanza hivyo.
Akachoma kukizunguka kidonda, dawa nzito, polepole,
na hapo ndipo mwanangu alipolia,
kilio kikubwa kuliko kifua chake.
Sindano ya begani ilimkuta amechoka,
anatazama picha ya sungura ukutani.

"Ya tatu. Ya saba. Ya kumi na nne.
Usiruke hata moja. Ugonjwa huu ukishaingia ndani,
mama, hakuna wa kuutoa."
Nikamuuliza nitaujuaje.
Akafunika kalamu yake kwanza.
"Mtu huogopa maji," akasema.

Kesho yake walikuja vijana wawili wenye glavu
wakaondoka na kichwa cha Waziri
katika sanduku la barafu, nyuma ya pikipiki.
Jioni Don Anacleto alisimama uani kwangu
na ndoo mbili, maji ya pipa lake mwenyewe.
Hakusema pole. Alimimina,
akabaki ameshika kofia
hadi sauti ya maji ilipotulia pipani.

Jibu la maabara lilikuja siku ya saba.
Ndiyo.
Nilikuwa foleni, kadi mkononi,
nikaona kwamba naishika kama watu washikavyo reli ya daraja.

Na kila alfajiri, kopo.
Sikumwambia kwa nini.
Nilimpa nikajifanya napekua kuni,
jicho langu kooni mwake:
limeshuka? limekwama? mbona amesita?
Siku moja alisita kweli. Magoti yakaniisha.
Kumbe mdudu.

Sindano ya mwisho hakulia kabisa,
aliomba tu ile chupa tupu ya dawa.
Kadi imejaa, Maruja ameipiga muhuri,
nami bado nilimpa kopo asubuhi iliyofuata.

"Mbona unanitazama nikinywa?"
"Unakunywa vizuri."
Akacheka na maji mdomoni,
yakamtoka puani, yakamwagika kifuani, sakafuni,
karibu robo kopo, na kesho ndiyo Alhamisi.
Nilianza kuhesabu, kwa mazoea.
Nikaishia njiani. Nikamjazia tena.